Ala Haikamiliki Kiwandani: Gitaa la Besi na Mafundi wa Birmingham

Wazee wetu wa Afrika Mashariki waliobeba mfukoni senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, wakanunulia chumvi na mafuta ya taa, aghalabu hawakuzichungua herufi ndogo zilizopigwa juu ya sarafu hizo, H katika baadhi yake na KN katika nyingine. Na lau wangalizichungua na kuuliza, wangaliambiwa kwamba H ni alama ya kiwanda cha Heaton na KN ni alama ya kampuni ya King's Norton, na kwamba viwanda vyote viwili vilikuwa Birmingham, mji ulio katikati ya nchi ya Uingereza, mbali na bahari, ambao kwa karne nyingi umepata riziki yake kwa kuyeyusha, kufua, kuvuta na kung'arisha metali. Senti nyingi za mwaka 1936 zilipigwa na viwanda hivyo viwili, na mpaka leo wakusanyaji wa sarafu za kale huzitenga kwa herufi hizo.

Waingereza waliuita mji huo mji wa kazi elfu, na sifa hiyo haikuwa ya kupamba tu. Humo zilitoka ncha za kalamu za chuma zilizouzwa ulimwenguni kote, na vifungo vya shaba, na bunduki, na vito. Humo, mwaka 1840, nyumba ya Elkington ilipata hataza ya kupaka metali moja juu ya nyingine kwa nguvu ya umeme, hikima ambayo hata leo ndiyo inayokivika kipande cha chuma ngozi ya nikeli kisishikwe upesi na kutu. Na humo, mwaka 1854, James Horsfall alipata hataza ya namna ya kuupasha moto na kuupoza waya wa chuma hata ukawa na nguvu isiyokuwa ikijulikana kabla yake. Nyumba yake iliungana na nyumba ya Webster, iliyokuwa mashuhuri kwa waya wa piano, na kampuni ya Webster na Horsfall ndiyo iliyovuta maili 30,000 za waya wa kuikinga kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya bahari ya Atlantiki mwaka 1866.

Nayatanguliza haya kwa sababu gitaa la besi la umeme, pamoja na uzuri wote wa mbao zake, ni chombo cha metali: nyuzi zake ni waya wa chuma kigumu, daraja na vigingi vyake ni chuma kilichopakwa nikeli au kromu, na sauti yake huzaliwa ndani ya waya wa shaba uliozungushwa kwenye sumaku. Si ajabu basi kwamba mji uliozoea kazi hizo tangu zamani ulizaa pia wanamuziki waliokataa kuipokea ala kama ilivyotoka kiwandani, na mafundi walioweza kuwatimizia haja zao. Rai yangu ni kwamba kulifungua gitaa la besi, kubadili pikapu zake, nyaya zake na vyuma vyake, si kumvunjia heshima aliyelitengeneza, bali ni kuitimiza kazi ambayo yeye hakuweza kuitimiza, madhali hakumjua mpigaji wala ukumbi wala wimbo.

Kabla ya kuwataja mafundi hao, yafaa msomaji aelewe ni kitu gani wanachokigusa. Besi ya kawaida ina nyuzi nne. Uzi wake mnene hutikisika mara 41 kwa sekunde, na ule mwembamba mara 98. Katika kiwiliwili cha mbao kisicho na uwazi wa kukuza sauti, mtikisiko huo hausikiki hata chumba cha pili. Ndiyo maana chini ya nyuzi hufungwa pikapu, yaani kisanduku chenye sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba, ambao unene wake ni kama sehemu sita za mia za milimita moja. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku huivurugavuruga nguvu yake, na nguvu ya sumaku inapovurugika ndani ya koili, umeme mdogo huzaliwa katika waya, ukapanda na kushuka sawasawa na mtikisiko wa uzi. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831. Na miaka 100 baadaye, mwaka 1931, Mjapani Tokushichi Mishima akavumbua mchanganyiko wa chuma, nikeli na alumini uliozaa sumaku za alniko, ambazo hata hivi leo hutiwa katika pikapu nyingi zilizo bora.

Leo Fender wa California alitoa besi yake ya kwanza, Precision Bass, mwaka 1951, nayo ilikuwa na pikapu moja yenye koili moja. Ila koili haichagui cha kunasa. Hunasa wimbo, na hunasa vilevile kila mvurugiko wa sumaku ulio jirani nayo, ukiwemo ule utokao katika nyaya za umeme wa nyumba. Umeme wa Uingereza, kama ule wa Tanzania na wa Kenya, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na noti inayopatikana mpigaji akibonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu ina mitikisiko 49. Kwa hiyo mngurumo wa umeme huketi miongoni mwa noti zenyewe za besi, wala mpigaji hawezi kuuondoa kwa kupunguza sauti nzito bila kuuondoa na muziki wake pia. Dawa ya jambo hili ilipatikana mwaka 1957, Fender alipoigawa pikapu vipande viwili, kila kimoja chini ya nyuzi mbili, koili moja ikizungushwa kinyume cha mwenziwe na sumaku zake zikigeuzwa: mngurumo unaoingia katika koili hizo mbili hukutana ukiwa umepingana ukafutana, na wimbo haupatwi na dhara lolote. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass yenye pikapu mbili kamili, na tangu hapo sehemu kubwa ya mafundi duniani wamekuwa wakizifanyia kazi ala hizo mbili, au nakala zake.

Turudi Birmingham. Mwaka 1965, Tony Iommi, kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, nao ndio mkono wake wa kubonyezea nyuzi, kwa kuwa hupiga kwa kushoto. Mtu mwingine angaliliweka gitaa chini. Yeye aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajifinyangia vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Na kwa kuwa nyuzi za kawaida zilimwumiza, akachukua nyuzi nyepesi za banjo akazifunga katika gitaa. Mwaka 1968 yeye na wenzake watatu kutoka mtaa wa Aston na jirani zake waliunda kundi ambalo punde liliitwa Black Sabbath, na walipokuwa wakirekodi santuri yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, pikapu ya gitaa lake la Fender iliharibika, akalazimika kuendelea na gitaa jingine, Gibson SG, ambalo ndilo lililokuja kuwa sauti yake maisha yake yote. Haya ni mambo ya dharura, lakini humo mna funzo: sauti ambayo dunia nzima iliitambua baadaye kuwa ni ya Birmingham ilitokana na mtu aliyelazimika kuirekebisha ala imfuate mwili wake.

Gitaa hilo la SG lilifikishwa kwa John Birch, fundi aliyekuwa na karakana Rubery, upande wa kusini-magharibi wa mji, akalifungia upande wa shingo pikapu aliyoitengeneza mahususi. Birch alikuwa miongoni mwa mafundi wa Uingereza waliothubutu kuzungusha koili zao wenyewe na kuuza pikapu kwa majina yao, wakati ambapo wapigaji wengi waliamini kwamba pikapu ni kitu kinachotoka Marekani, kisichoguswa wala kuigwa. Wanamuziki wa mji huo na wa miji ya jirani walimwendea mmoja mmoja wakiwa na haja mbalimbali: huyu akitaka nguvu zaidi, yule akitaka ukimya zaidi, mwingine akitaka umbo ambalo halijapata kuonekana jukwaani, kama gitaa maarufu alilotengenezewa Dave Hill wa kundi la Slade. Karakana ya namna hiyo ina fadhila isiyopatikana kiwandani, nayo ni kwamba mwenye ala husimama mbele ya fundi akaeleza kwa kinywa chake, na fundi humjibu kwa kazi ya mikono yake. Na kama jawabu halikuwa sawa, mwenye ala hurudi juma lijalo.

Katika karakana hiyo alifunzika kijana John Diggins, ambaye mwaka 1975 alimtengenezea Iommi gitaa jipya, na baadaye akaanzisha nyumba yake mwenyewe, Jaydee, iliyojulikana zaidi kwa besi kuliko kwa magitaa. Besi za Jaydee zilisikika dunia nzima katika miaka ya 1980 mikononi mwa Mark King wa kundi la Level 42, ambaye huzipiga nyuzi kwa kidole gumba kwa kasi ya ajabu, kiasi kwamba kila pigo lahitaji kusikika wazi, lisimezwe na pigo lililotangulia. Kazi ya aina hiyo haiwezekani kwa pikapu nzito wala kwa nyaya zinazopoteza sauti kali njiani. Yataka koili nyepesi, yataka nyuzi mpya zenye mlio, na yataka umeme wa betri ndani ya ala wa kuikuza sauti kabla haijaingia katika waya mrefu wa kwenda kwenye amplifaya.

Lakini mji huohuo ulikuwa na haja nyingine iliyo kinyume kabisa na hiyo. Mtaa wa Handsworth, walikohamia watu wengi kutoka Jamaika na visiwa jirani, ulizaa kundi la Steel Pulse mwaka 1975, na santuri yao ya Handsworth Revolution ikatoka mwaka 1978. Na mwaka huo wa 1978 likaundwa kundi la UB40, lililojiita kwa jina la fomu ya kuombea posho ya wasio na kazi, na mpiga besi wake akiwa Earl Falconer. Katika rege, besi ndiyo inayoubeba wimbo, wala haitakiwi kung'aa; yatakiwa iwe nzito, ya mviringo, yenye mwanzo laini na mwisho mfupi, ili nafasi iliyoachwa baina ya noti isikike kama noti yenyewe. Na Terence Butler, ajulikanaye kwa jina la Geezer, mpiga besi wa Black Sabbath aliyeanza kwa kupiga gitaa kabla ya kuhamia besi, alitaka jambo la tatu: besi inayokwaruza, inayoandamana na gitaa hatua kwa hatua, nayo isipotee hata pale walipozilegeza nyuzi nusu toni tatu, kama walivyofanya katika baadhi ya nyimbo za santuri ya mwaka 1971. Zitazameni haja hizi tatu, zilizotoka katika mji mmoja na kizazi kimoja, kisha mjiulize ni kiwanda gani kingaliweza kuzitimiza zote kwa besi moja iliyofungwa katika sanduku.

Basi fundi hufanya nini? Huanza na lile lililo rahisi, tena lisilo na gharama. Besi ikiwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, kitu cha kwanza kutazamwa ni nyuzi, kwa maana nyuzi zilizochakaa zimewafanya wengi wanunue pikapu wasizozihitaji. Nyuzi zilizozungushwa waya wa mviringo hulia kwa ukali, na zile zilizozungushwa utepe bapa hulia kwa upole; mpiga rege aliyekuwa akiwaza kubadili pikapu huenda akaipata sauti aitakayo kwa kubadili nyuzi peke yake. Cha pili ni urefu wa pikapu: skrubu mbili za pembeni huipandisha na kuishusha, na milimita moja tu hubadili nguvu ya sauti na uwiano baina ya uzi mnene na mwembamba; ikiwa karibu mno, sumaku huanza kuuvuta uzi wenyewe na noti ikayumba. Cha tatu ni shingo. Nyuzi nne za besi zikikazwa huivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, na ndani yake mmezikwa ufito wa chuma wa kukabiliana na mvuto huo. Mtu akilegeza nyuzi kama walivyofanya Black Sabbath, au akifunga nyuzi nene zaidi, mizani hiyo huharibika, na hapana budi ufito urekebishwe robo mzunguko kwa robo mzunguko, na mifereji ya kile kipande kilicho mwanzo wa shingo ipanuliwe kwa tupa nyembamba ili uzi mnene ukae ndani yake bila kubanwa.

Ndipo bisibisi inapoingia kazini. Kifuniko cha Jazz Bass ya bei nafuu kikiondolewa, ndani yake huonekana vitu vichache kuliko vile ambavyo watu huvihofia: vifundo vitatu vya kuzungusha, ambavyo mafundi huviita poti, kapasita moja, tundu la kuingizia waya, na nyaya chache zilizounganishwa kwa risasi ya kulehemu. Poti ni njia ya umeme ambayo ukinzani wake hubadilika kwa kuzungushwa, na zile za besi yenye koili moja kwa kawaida huwa za omu 250,000; zikiwa na ukinzani mdogo kuliko huo, sauti kali huvujia ardhini daima, hata kifundo kikifunguliwa chote. Kapasita, ambayo mara nyingi huwa ya maikrofaradi 0.047, ndiyo mlango ambao kifundo cha toni huufungua ili sauti kali zitoke na nzito zibaki. Basi mtu mwenye poti zinazokwaruza kama mchanga anaweza kuzibadili zote tatu, pamoja na tundu la waya lililolegea, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na bei ya pikapu, na ala yake ikasema kwa namna ambayo hakuitarajia.

Fauka ya hayo, nyaya hizohizo zaweza kupangwa upya. Katika Jazz Bass, pikapu mbili huunganishwa sambamba, kila moja ikipeleka umeme wake kwa njia yake, na sauti huwa wazi. Fundi akiziunganisha kwa mfuatano, umeme ukapita katika moja kabla ya kuingia ya pili, sauti huwa kubwa na yenye kifua, ikakaribia ile ya Precision. Swichi ndogo iliyofichwa chini ya kifundo humwezesha mpigaji kuchagua baina ya hali hizo mbili jukwaani, na kwa bei ya swichi hiyo amepata ala mbili. Kadhalika lile shimo la mbao ambamo nyaya zimelala laweza kubandikwa karatasi ya shaba yenye gundi, pande zote na chini ya kifuniko, kisha karatasi hiyo ikaunganishwa na ardhi ya saketi. Huo ni ukuta unaozuia makelele ya taa na mashine, ijapokuwa hauzuii mngurumo wa sumaku utokao katika transfoma, maana huo haukingwi ila kwa koili mbili zinazopingana.

Pikapu yenyewe hubadilishwa baada ya hayo yote, nayo haitaki haraka. Ile ya zamani hupimwa kwanza kwa mita ya umeme: ya Jazz Bass aghalabu husoma omu 7,000 au 8,000, na ya Precision zaidi ya 10,000; mita isiposoma kitu, koili imekatika. Nyaya mbili hutolewa kwa pasi ya kulehemu iliyoshika moto vizuri, kwa maana pasi baridi huunguza zaidi kuliko pasi ya moto: hukawia juu ya poti mpaka ndani yake pakaharibika. Pikapu mpya ikifungwa na ikasikika nyembamba, isiyo na uzito inapopigwa pamoja na mwenziwe, basi zimepingana, na dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili tu. Wapigaji wengi huamini kwamba pikapu yenye mizunguko mingi ndiyo bora kwa kuwa ina nguvu. Kwa hakika mizunguko ikizidi, nguvu huongezeka na sauti kali hupungua, kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si ukubwa wa nguvu bali ni mahali pikapu hiyo inapolalia, juu, kati au chini. Butler mwenyewe, ambaye kampuni ya EMG ilitoa pikapu kwa jina lake, amepewa zile zisizohitaji betri, ingawa kampuni hiyo ilipata sifa yake kwa pikapu zenye betri.

Na betri nayo ina fasili yake. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alikuwa miongoni mwa walioijenga, ilitoa besi ya StingRay yenye kikuza sauti kidogo ndani yake, kinachoendeshwa kwa betri ya volti 9, na tangu hapo mpigaji aliweza kuongeza sauti nzito na kali, wala si kuzipunguza tu. Faida yake ni kubwa studioni na katika kumbi zenye nyaya ndefu. Ila mwenye ala hiyo akisahau kuuchomoa waya baada ya onyesho, betri hubaki ikifanya kazi na kuzidi kuisha, na siku moja besi itamnyamazia mbele ya watu. Ama kuhusu daraja na vigingi, naona wauzaji huahidi mengi kupita kiasi. Daraja zito la shaba huvishika vizuri vile viti vidogo vya nyuzi visiteleze, na hilo ni jema kwa usahihi wa noti. Lakini asitarajie mtu kwamba litaipa roho mpya ala isiyo na pikapu nzuri. Vigingi vyepesi vina manufaa yaliyo dhahiri zaidi, kwa maana besi nyingi zina shingo ndefu inayolemea upande wake, na mpigaji aliyechoka bega la kushoto kwa kuizuia atapata raha siku ileile.

Jambo moja sitalipitia kwa haraka. Ndani ya besi hamna umeme wa kumdhuru mtu, lakini nyuzi zake huunganishwa na ardhi ya amplifaya kupitia daraja, ili mwili wa mpigaji usiongeze mngurumo. Kwa hiyo amplifaya isiyo na waya wa ardhi, au ukumbi uliofungwa umeme vibaya, huzifanya nyuzi hizo kuwa hatari anapozishika pamoja na kipaza sauti. Mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani huko Swansea mwaka 1972 kwa sababu ya kipaza sauti kisicho na ardhi. Amplifaya za vali nazo huhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Asifungue moja mtu asiyefundishwa.

Wako wanaosema kwamba ala ya kale isiguswe, na katika mlango mmoja wana haki. Besi za Fender zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1965, Leo Fender alipoiuza kampuni yake kwa CBS, zina thamani kubwa sokoni, na thamani hiyo hushuka pindi pikapu ya asili ikiondolewa au lehemu ya kwanza ikiyeyushwa. Mwenye ala ya namna hiyo aitunze kama amana. Lakini amana ni chache na ala za kazi ni nyingi, na hata katika ala ya kazi sheria ya fundi mwema ni kwamba kila kilichotolewa kiwekwe katika bahasha yenye jina na tarehe, wala pasitobolewe tundu jipya katika mbao ikiwa njia nyingine ipo, ili atakayekuja baadaye aweze kuirejesha ala katika hali yake ya awali.

Kwetu Afrika Mashariki besi si ngeni wala si ndogo. Katika muziki wa dansi ndiyo inayozungumza na miguu ya wachezaji kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, na yeyote aliyesikiliza Les Wanyika, kundi lililoundwa Nairobi mwaka 1978 likiwa na Tom Malanga kwenye besi, anajua jinsi noti chache zilizowekwa mahali pake zinavyoweza kuushika wimbo mzima. Hewa yetu ya pwani, yenye chumvi na unyevu, hula nyuzi, skrubu za daraja na mabati ya tundu la waya kwa kasi wasiyoijua watu wa Birmingham; kwa hiyo mpigaji wa Mombasa, wa Tanga au wa Unguja ana haja ya fundi kuliko mwenzake wa huko, na kitambaa kikavu baada ya kila onyesho ni wajibu wake wa kwanza. Na mafundi tunao: kijana anayeweza kuifufua redio kwa pasi ya kulehemu na mita ya umeme ameshayajua yote yanayohitajika ndani ya besi, hakuna lililobaki ila kuelezwa na mpigaji ni sauti gani itakiwayo.

Nawasihi basi wenye vyuo na vilabu vya muziki, kuanzia Bagamoyo hadi Zanzibar na Nairobi, waipe meza ya fundi nafasi kando ya chumba cha mazoezi, na nawasihi wapigaji wasikimbilie kununua ala mpya kabla ya kuifungua ile waliyonayo na kuijua. Anza na nyuzi, kisha urefu wa pikapu, kisha poti na tundu la waya. Pikapu mpya na iwe ya mwisho. Mara nyingi hutafika huko, kwa kuwa sauti uliyokuwa ukiitafuta utakuwa umeshaipata.